Sauti Iliyokula Hofu

Subilaga Mwasomola alifika nyumbani kwa Tusekile siku ya nne baada ya mgodi wa Ilwenje kuporomoka. Hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa uani kwa goti, akasimama katikati ya nyasi na buti zake za mgodini, mkono wa kulia ameukunja ngumi.

"Wewe ndiye unayepiga lile gitaa?"

Tusekile Mwaijande alikuwa na miaka sitini na moja, na hapa Mbeya hakuna binti wa miaka thelathini aliyewahi kumwingilia uani bila shikamoo. Alijua palepale kwamba huyu hakuisahau. Alikuwa amemnyima makusudi.

"Ndiye mimi," alisema. "Kaa, mwanangu."

"Sikai."

Subilaga akafungua ngumi. Kiganjani palikuwa na kifungo cha kampuni ya Tuli, kile kidude cha kijivu, mviringo, kidogo kama kifungo cha shati, ambacho mtu hukibandika nyuma ya sikio. Akakitupa juu ya meza. Kikaviringika hadi kwenye kikombe cha chai.

"Mimi naendesha mashine ya kupakia mawe, namba tatu," alisema. "Dari lilipasuka juu ya kichwa changu. Ufa niliuona. Ulianza mwembamba kama uzi, ukafika upana wa kidole, ukafika upana wa kiganja. Nikawa nautazama kama mtu aliye ndani anavyotazama mvua. King'ora kikalia. Tulikisikia wote. Mdogo wangu Gwamaka alikuwa keshafika kwenye lifti, akakumbuka kofia yake. Akarudi kuifuata. Anatembea taratibu, anapiga mluzi. Akapita chini ya ufa. Nikampungia mkono."

Akarudia. "Nikampungia mkono, mama. Lifti inachukua watu ishirini. Ilipanda na watatu. Kumi na wanne walikaa chini wakisubiri, hata sijui walisubiri nini."

Tusekile alitaka kusema pole. Subilaga hakumpa nafasi.

"Kampuni ikatuambia tusivue vifungo hadi mazishi yapite, eti tutapata mshtuko. Nimemzika mdogo wangu kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi. Mama yangu akanitazama usoni, akaniuliza, 'Wewe ni nani?' Jana ndiyo nikakivua. Saa nne baadaye nikaanza kupiga kelele, na sijui kama nimenyamaza. Wanakiita kifungo. Jina hawakukosea."

Akaelekeza kidole ndani, kupitia dirishani, kwenye gitaa jekundu la umeme lililolazwa juu ya kiti, na mashine mbili za kanda zilizowekwa kando kwa kando.

"Nilitaka nikuone uso. Basi."

*

Zamani, kabla ya Tuli, Tusekile alikuwa kichekesho. Alipiga peke yake, bila ngoma, bila mwimbaji. Aligusa uzi mmoja, au aliusugua kwa upinde wa fidla hadi uanze kulia, na sauti ile ikaingia kwenye mashine ya kwanza ya kanda. Kanda ilipita ikaelekea mashine ya pili, ambayo ilirudisha sauti ile sekunde sita baadaye, imefifia kidogo. Juu yake akaongeza nyingine, na nyingine, mpaka chumba kizima kikajaa sauti zilizopandana kama ukungu wa milima ya Uporoto, zisizo na mwanzo wala mwisho. Kipande kimoja kilichukua dakika arobaini. Kwenye baa moja ya Mwanjelwa mlevi aliuliza kwa sauti kuu, "Huyu mama anapiga gitaa au anatafuta stesheni?" Watu wakacheka hadi wakamwaga bia. Yeye akaendelea. Wengine walisinzia, ni kweli, lakini walisinzia usingizi wao wenyewe, na aliyetaka kuondoka aliondoka.

Kisha akaja Dakta Lugano Kibona. Alimsikia akipiga msibani, mkono wa Kibona ukiwa kwenye plasta, na maumivu yakamwacha. Akarudi mara ya pili na vipimo. Miaka miwili baadaye alikuwa na kampuni hiyo ya Tuli, na Tusekile akawa na chumba cha kurekodia chenye kuta za sponji, na kazi moja: kila baada ya siku thelathini, apige kipande kipya.

Aliambiwa ni kwa ajili ya hospitali. Baadaye aliambiwa kuna mgodi pia, "kuwapunguzia wafanyakazi msongo". Akatia saini. Hilo ndilo alilokuwa akilitafuna asubuhi iliyofuata akielekea ofisini kwa Kibona, kifungo cha Subilaga kikiwa mfukoni. Hakuna aliyemdanganya sana. Yeye hakuuliza sana.

Kibona alisimama kumpokea. Alikuwa mtu wa adabu, mwembamba, anayeongea kama anayemsomea mgonjwa majibu.

"Shikamoo, mama. Nimesikitika mno kuhusu Ilwenje."

"Kwa nini hawakukimbia?"

"Uchunguzi bado un—"

"Lugano. Mimi si mwandishi wa habari. Kwa nini hawakukimbia?"

Akaketi. Akavua miwani. "Sauti yako inapopita hewani inatuliza kidogo. Kifungo kinaipitisha kwenye mfupa, na kinasikiliza mapigo ya moyo wa aliyekivaa. Kila sauti inaporudi, kinaichelewesha kidogo kuliko moyo unavyodunda. Moyo unaifuata. Unashuka. Maumivu yanashuka nao, wasiwasi nao. Hospitalini tunaweka kiwango cha tatu."

"Na mgodini?"

"Walikuwa wanatumia cha pili."

"Walikuwa?"

"Baada ya mgomo wa mwaka jana, uongozi wa mgodi uliomba tupandishe. Saba."

"Nani alikubali?"

Kibona alitazama mikono yake. "Mimi ndiye niliyeidhinisha."

Tusekile alimwelekezea kidole. "Uliwatoa watu hofu ukawapeleka chini ya jiwe. Kuku ukimtoa hofu analiwa na mwewe siku hiyohiyo. Wewe umesoma hadi ukapitiliza, hilo hukulijua?"

"Nitawarudisha kwenye cha pili. Nakuahidi."

"Mpaka mgomo mwingine. Uondoe mgodini kabisa."

"Siwezi. Mgodi ndio unaobeba hospitali, mama. Hospitali arobaini na tatu hazitoi kitu. Unajua hali ya dawa za maumivu tangu mipaka ifungwe. Hazipo. Kuna wewe tu." Akainama mbele. "Na siwezi kuzirudia za zamani. Ubongo uliokwisha kuzizoea unazikumbuka ndani ya siku mbili, zinakuwa kelele tu. Nimeifundisha mashine ikuige, inakuiga vizuri, lakini baada ya saa moja wagonjwa wanaanza kulia tena. Ubongo unaitambua hila. Unataka mkono wa mtu, na kusita kwake. Kipande cha sasa kimebakiza siku tisa. Jumatano tunakusubiri."

Tusekile akasimama. Akaenda mlangoni, akarudi, akaipiga meza yake kiganja kimoja, kikombe cha kalamu kikaanguka.

"Uliniambia ni dawa," alisema.

"Ni dawa."

"Dawa gani mtu anapewa bila kuumwa?"

*

Wodi ya walioungua ilikuwa ghorofa ya pili ya hospitali ya Mbeya, na mkuu wake alikuwa Sista Anyisile Mwambene, mwanamke mnene mwenye mwendo wa haraka aliyemfahamu Tusekile tangu siku za baa. Hakumuuliza amefuata nini. Alimpa barakoa na kumpeleka hadi kitanda cha nne.

Hapo alilala mama lishe aitwaye Tupokigwe, aliyemwagikiwa na karai la mafuta ya maandazi. Anyisile alikuwa akibandua bandeji kifuani mwake, na bandeji ilikuwa ikitoka na ngozi. Tupokigwe alikuwa akisimulia habari za binti yake aliyefaulu mtihani. Nyuma ya sikio lake kifungo kiliwaka taa ndogo ya kijani.

Walipomaliza, Anyisile alimvuta Tusekile hadi kwenye chumba cha kunawia.

"Nimesikia ya Ilwenje," alisema. "Na nimekuona usoni ulipoingia. Unataka kuacha."

"Nilifikiria zaidi ya kuacha. Jumatano niingie mle, nifungue amplifaya hadi mwisho, niusugue uzi wa chini mpaka upige kelele kama alivyopiga binti mmoja wa mgodini aliyenijia. Kifungo kinapeleka chochote, si ndiyo? Basi kipeleke hiki. Watu mia sita wa Ilwenje waamke kwa pamoja."

Anyisile alifunga bomba. "Ni kipande kilekile kinachokuja huku?"

"Kilekile."

"Saa ileile?"

"Saa ileile."

"Basi utakuwa umemwaga karai la pili, dada Tuse. Juu ya Tupokigwe, na wenzake kumi na saba wa wodi hii, na hospitali nyingine zote. Sitakuruhusu. Nitavunja hivyo vifungo kwa mguu wangu kabla hujagusa uzi."

"Na nikiacha?"

"Ukiacha, wewe utakuwa nyumbani kwako. Mimi ndiye nitakayewasikia." Macho yake yalikuwa yamejaa maji, lakini alikuwa na hasira, si huzuni. "Tulikuwa tunawafunga mikono kitandani. Umesahau? Nilikuwa nakwenda chooni kutapika, narudi nambandua mwingine. Usinifanye nichague kati ya wachimbaji na hawa. Wa mgodini wanakudai jibu wewe. Mimi wagonjwa wangu ninao hapa."

*

Jumamosi Tusekile alimtuma mtu amwite Subilaga. Alikuja. Safari hii alisema shikamoo, kwa shingo upande, na Tusekile akaitikia marahaba bila kutabasamu.

Alimweleza yote. Kisha akasema, "Nataka kujaribu kitu, na ninahitaji mtu anayekijua kifungo. Labda kuna sauti inayoondoa maumivu ikaacha hofu. Labda nikipunguza nyuzi, nikibadilisha urefu wa kanda, nikiacha mapengo. Nikiipata, naipiga Jumatano, na hakuna atakayekosa kitu."

"Unataka nikivae tena."

"Ndiyo. Una haki ya kunitukana."

Subilaga alikiokota kifungo mezani. "Ukiona sitaki kukivua," alisema, "kivue wewe. Kwa nguvu."

Wakaweka beseni la maji ya barafu. Subilaga akatumbukiza mkono hadi kiwikoni. Tusekile akakiunganisha kifungo na mashine ya pili ya kanda, akakipanga kiwango cha tatu, kile cha hospitali, akaanza.

Kwanza alipiga uzi mmoja wa juu, akiacha pengo refu. Mkono uliendelea kuuma. Akaongeza sauti ya pili chini yake. Bado. Akafupisha kanda, sauti zikarudi baada ya sekunde tatu. Subilaga alikunja uso na kusema inamtia kichefuchefu. Akairefusha hadi sekunde tisa. Kwa muda wa saa mbili walifanya hivyo, wakibadilisha barafu. Saa ya tatu Tusekile aliukwaruza uzi wa nne kwa ukucha, akauacha upotee taratibu kwa pedali, na sauti ikarudi na vumbi kidogo ndani yake, kama pumzi.

"Hapo," Subilaga alisema. "Hauumi tena."

"Kabisa?"

"Nahisi baridi. Ila haiumi."

 Tusekile hakuacha kupiga. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei ya nyanya, "Gwamaka alirudi kufuata nini?"

"Kofia," Subilaga alisema. Kisha akatabasamu. Tabasamu la upole kabisa, la mtu anayekumbuka harusi. "Alikuwa msahaulifu sana, yule."

Tusekile aliliachia gitaa likaanguka sakafuni, nyuzi zikapiga mayowe kwenye amplifaya. Akamfikia kwa hatua mbili, akakibandua kifungo. Subilaga alimshika mkono kuzuia. Alikuwa na nguvu za mtu wa mgodini, nao wakavutana hapo juu ya beseni, maji yakimwagika, mzee na binti, mpaka kifungo kikatoka na nywele chache.

Kwanza hapakuwa na kitu. Subilaga aliutazama mkono wake mwekundu. 

"Nimecheka," alisema. "Umenitajia jina lake nikacheka."

"Ni mimi niliyekuchekesha," Tusekile alisema. "Mimi na mkono huu."

Hapakuwa na sauti ya katikati. Alijaribu tena peke yake Jumapili na Jumatatu, kifungo nyuma ya sikio lake mwenyewe, kidole juu ya mshumaa. Kila maumivu yalipoondoka, hasira nayo iliondoka, na alijikuta akiwaza kwamba Kibona ni kijana mzuri anayejitahidi. Aliposoma wazo hilo kwenye karatasi aliyoliandika, kifungo kikiwa kimeshavuliwa, alilia kwa ghadhabu.

*

Jumatano aliingia chumba cha kurekodia saa tatu asubuhi. Kibona na fundi wake walikuwa nyuma ya kioo. Tusekile hakuketi.

"Sipigi," alisema kwenye maikrofoni. "Si leo, wala mwezi ujao."

Kibona alizunguka akaingia. Alikuwa amepauka. "Mama, nimekwishawashusha. Ilwenje iko kwenye cha pili tangu jana. Nina barua."

"Barua uliyoiandika wewe, na wewe ndiye utakayeifuta. Mtu anayeshuka shimoni ana haki ya kuogopa shimo. Ndicho kitu pekee anachokwenda nacho ambacho ni chake. Sitamnyang'anya tena hata nusu."

"Na wagonjwa? Maelfu, mama. Kwa kumi na wanne!"

"Usinihesabie watu!" Alipiga kelele hivyo kwa mara ya kwanza katika miaka yote aliyomfahamu, na fundi nyuma ya kioo akavua vipokea sauti masikioni. "Najua wataumia. Nimewaona. Sitasema ni haki, na sitasema ni makosa yako peke yako. Wewe uliifunga dawa yao kwenye mguu wa mgodi, ukijua atakayekata kamba atawakata na wao. Mimi nilikupa kamba. Sasa naikata, na nitakwenda kusimama pale inapoangukia."

"Ukimaanisha nini?"

Hakumjibu. Alichomoa waya wa gitaa lake na kutoka.

Kipande cha mwisho kiliisha nguvu siku tano baadaye. Huko Ilwenje, zamu ya asubuhi ilishuka saa kumi na mbili kama kawaida. Saa mbili na nusu walikuwa juu, wote, na hawakupanda kwa utaratibu. Walikuwa wameinua taa zao na kuona nyufa nyingine, ndefu, zilizokuwa pale wiki nzima. Wengine walitapika getini. Mwanamume mmoja alimkamata msimamizi kwenye kola na kumtajia jina moja baada ya jingine, majina kumi na manne, akimtikisa kila jina. Subilaga alikuwa pale. Alimpigia Tusekile simu. Aliishikilia simu juu, na Tusekile akasikia umati mzima ukinguruma, mabati yakipigwa, na wanawake wakilia kilio cha msiba uliochelewa wiki mbili.

Saa tano Kibona naye alipiga. Hakusalimu. "Niko hospitali ya Sumbawanga," alisema. "Sikiliza." Na akaisogeza simu mahali fulani.

Alikuwa mwanamume. Hakuwa akisema maneno. Sauti ilipanda, ikakatika kwa kukosa pumzi, ikaanza upya. Tusekile alikuwa ameketi kwenye benchi la korido ya hospitali. Hakuondoa simu sikioni. Alisikiliza mpaka yule mtu akachoka.

"Umesikia?" Kibona aliuliza.

"Nimesikia."

"Basi rudi!"

"Na wewe baki hapohapo, Lugano. Usitoke nje. Msikilize kesho, na keshokutwa, kisha mwende na madaktari wenzako mkadai dawa mpakani mkiwa na hiyo sauti masikioni. Hamkuwahi kuidai. Mlinipata mimi, mkanyamaza."

Akakata. 

Ndani ya wodi, Anyisile alikuwa amemwekea kiti kati ya kitanda cha nne na cha tano, na mashine mbili za kanda juu ya toroli la dawa. Bila kifungo, sauti ingefika masikioni tu. Ingepunguza robo, labda theluthi. Walikuwa wamewaambia wagonjwa ukweli asubuhi, mmoja mmoja. Wawili walikuwa wamemtukana Tusekile. Mmoja aliomba apewe kile kifungo hata kama kimekufa.

Tupokigwe alimtazama akiunganisha waya. Uso wake ulikuwa umeshaanza kutoka jasho.

"Sista anasema ni wewe uliyezima."

"Ni mimi."

"Ulijua leo ni siku yangu ya bandeji?"

"Nilijua."

Tupokigwe alifumba macho.  Anyisile alikuwa amekwishavaa glavu na kushika ncha ya kwanza ya bandeji, naye alikuwa akisubiri, midomo ikisogea katika sala au katika tusi.

Tusekile akagusa uzi. Sauti ikatoka, ikaenda, na sekunde sita baadaye ikarudi, dhaifu. Anyisile akavuta. Tupokigwe alipiga ukelele uliofanya dirisha litetemeke, na ukelele huo nao ukaingia kwenye kanda kupitia maikrofoni ya gitaa, na sekunde sita baadaye ukarudi, juu ya uzi, kwa wote waliokuwa wodini.

Mkono wa Tusekile ukasimama hewani.

"Usinitazame!" Tupokigwe alisema kwa meno yaliyokazana. "Ulikuja kupiga. Piga!"

Akapiga.